Maktaba ya taifa: maonyesho ya mtandaoni kwanza, au rafu nzima?

Wadau, naomba tulijadili hili. Maktaba ya taifa ikipata fedha za kupeleka hazina yake mtandaoni, ianze na nini? Ianze na maonyesho, yaani vitu vichache vilivyoteuliwa na kuandikiwa maelezo mazuri, au iskani rafu nzima, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na magazeti yaliyochakaa ambayo hayavutii macho?

Mimi nasema rafu nzima. Maonyesho yafuate.

Hoja ya upande wa pili naijua, na ina uzito. Asiyejua maktaba ina nini hajui atafute nini, na ukimwachia mamilioni ya kurasa na kisanduku cha kutafutia ataondoka mikono mitupu. Maonyesho humwongoza. Sawa, lakini nyuma ya kila onyesho yupo mteuzi, na ndiye aliyeamua ramani ipi ionekane, picha ya nani iwekwe mbele na tukio lipi lirukwe. Rafu ikiwa wazi, msomaji anaweza kumbishia mteuzi huyo kwa ushahidi. Ikifungwa, atambishia kwa nini?

Norway walithubutu. Mwaka 2006 maktaba yao ya taifa ilianza kazi ya kuskani mkusanyo wake wote. Kwa makubaliano na Kopinor, shirika linalosimamia haki za waandishi na wachapishaji, hata vitabu vingi ambavyo hakimiliki yake haijaisha vinasomwa bure na walio ndani ya nchi, na wenye haki wanalipwa. Kasoro ipo: kwa vitabu hivyo, aliye nje ya Norway kwa kawaida hukuta mlango umefungwa. Hata hivyo, wanaodai kwamba hakimiliki inazuia kila kitu wana la kujibu hapo.

Australia nao wana Trove, tovuti ya maktaba yao ya taifa ambako magazeti ya kale yaliyoskaniwa husomwa na kutafutwa. Kompyuta ikikosea kusoma herufi zilizofifia za gazeti la kale, wasomaji wenyewe husahihisha, na wengi wao ni watu wa kawaida wanaofuatilia nasaba zao. Wameshasahihisha mamilioni ya mistari. Onyesho la picha teule haliwezi kuwapa watu kazi ya namna hiyo, wala kuwafanya wajione wana sehemu yao katika kumbukumbu za nchi.

Gharama? Kuskani ni mwanzo tu. Seva, mafundi na nakala za akiba zinadai fedha kila mwaka. Trove yenyewe ilifika mahali mustakabali wake ukawa mashakani, hadi Aprili 2023 serikali ilipotangaza dola za Australia milioni 33 kwa miaka minne. Oktoba mwaka huohuo wadukuzi waliivamia mifumo ya kompyuta ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wakadai fedha. Maktaba ilikataa kuwalipa, na katalogi yake ilianza kurejea Januari 2024. Miswada iliyoskaniwa ilikaa muda mrefu zaidi bila kupatikana mtandaoni.

Ndiyo maana nasisitiza ruhusa ya kupakua. Kazi ambayo hakimiliki yake imeisha iachwe ipakuliwe bure, kwa ubora kamili, ili nakala zake zisambae. Kuna maktaba zinazodai haki mpya kwa sababu tu zimepiga picha mchoro wa karne zilizopita. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la hakimiliki la 2019, ulikataa jambo hilo kwa nakala za kawaida za michoro na picha za namna hiyo, na nadhani ulifanya haki.

Ninaposema rafu nzima, kuna kitu kimoja ninachokitoa: picha za watu waliopigwa bila ridhaa wakati wa ukoloni, na kumbukumbu za matambiko ambayo wenyewe hawakutaka yaonwe na kila mtu. Hizi zisipandishwe kabla jamii husika haijaulizwa. Ila jamii ikigawanyika, wazee wakikataa na vijana wakitaka, maktaba imsikilize nani? Mliofanya kazi na nyaraka za aina hii, nawasubiri hapo.