Pedali ya cherehani: volumu, 49E, A3144 au DRV5055?

Waya_Mwekundu
Wadau, habari za jioni. Kuna fundi cherehani pale Gikomba anataka nimtengenezee pedali ya mota ya DC ya volti 24, na kazi ya kuiongoza itafanywa na Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta unachokiandikia programu). Pedali yake ya sasa ina volumu ndani, ile ya kuzungusha kama ya redio ya zamani, na vumbi la vitambaa limeimaliza. Akikanyaga taratibu mota inashtuka, mara inazima katikati ya mshono. Nataka kitu ambacho hakisuguani. Nimetoka Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki, na sensa mbili za Hall, yaani zinazohisi sumaku: 49E na A3144. Mtandaoni naona watu wakisifia nyingine, DRV5055. Au ninunue tu volumu mpya yaishe?

SodaNaRisasi
Volumu mpya itakurudisha hapo hapo, maana vumbi la Gikomba halijahama.
A3144 iondoe kwenye hesabu. Hiyo ni swichi: sumaku ikikaribia inawaka, ikienda inazima, basi. Inafaa kuhesabu mizunguko ya gurudumu au kujua kama mlango umefungwa. Wewe unataka kujua mguu umeshuka kiasi gani, kwa hivyo unahitaji sensa ya analogi. 49E ukiipa volti 5 hutoa 2.5 ikiwa hakuna sumaku. Ncha ya kusini ikielekea uso wenye maandishi, volti zinapanda. Ya kaskazini, zinashuka. Ni takriban milivolti 1.4 kwa kila gausi (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku).

Mama_Sakiti
Kabla hujashika soda ya kuchomelea, hakikisha 49E yako ni 49E kweli. 49E na A3144 zina umbo moja na miguu mitatu, na zikichanganywa kwenye kisahani cha duka huwezi kuzijua kwa macho. Elekeza maandishi kwako: mguu wa kushoto ni umeme, wa kati graundi, wa kulia ndio pato. Wekea volti 5 na mita kwenye pato. Ukisoma karibu 2.5, na namba inapanda na kushuka taratibu unaposogeza sumaku, uko sawa. Ikiwa haisomi kitu cha maana mpaka uweke rezista ya kilo-omu 10 kati ya pato na volti 5, halafu inaruka kutoka juu hadi chini kwa mkupuo, hiyo ni A3144.

Chipu_Roysambu
Mimi niko upande wa DRV5055. Kelele kidogo, inakubali volti 3.3 au 5, na unachagua unyeti kwa toleo: A1 inatoa milivolti 100 kwa kila militesla ukiilisha volti 5, A4 inatoa 12.5. Militesla moja ni gausi 10, kwa hivyo A1 inaipita 49E mara saba hivi.

SodaNaRisasi
@Chipu_Roysambu unyeti huo ndio utakaomsumbua. A1 inajaa kwenye militesla 21, yaani zaidi ya hapo pato halibadiliki tena, na sumaku ya neodimiamu ikisogea karibu inapita hapo bila jasho. Atalazimika kuchukua A4, na A4 haiko mbali na 49E, ambayo tayari anayo mfukoni. Uno inagawa volti 5 kwa hatua 1024, yaani karibu milivolti 4.9 kila moja, sawa na gausi 3.5 kwa 49E. Pedali ikisogeza mamia ya gausi, hatua zinatosha. Mguu wa binadamu hauna usahihi wa kuzidi hapo.

kijana_wa_pipeline
Samahani kuingilia, hii 49E inaweza pia kuwa dira?

Mama_Sakiti
Hapana mwanangu. Uga wa dunia hapa Nairobi ni kama theluthi moja ya gausi. Kwa 49E hiyo ni nusu milivolti, Uno haitaiona kabisa. Kwa dira tafuta magnetometa, sensa ya kupima uga dhaifu, mfano QMC5883L.

Boda_ya_Betri
Natengeneza pikipiki za umeme, na kilichomo kwenye mkono wa gesi ni sensa ya aina hii hii. Ukipata mkono wa gesi uliokufa nje lakini mzima ndani, ufungue uone sumaku zilivyopangwa: hazisogei moja kwa moja kuelekea sensa, zinapita mbele yake. Sumaku ikija uso kwa uso, nguvu haiongezeki sawasawa. Mwanzo wa kukanyaga hakuna kitu, mwishoni yote inakuja kwa pamoja, na fundi atakurudishia pedali siku hiyo hiyo.

Jambo la pili, na hili usilipuuze. Mkono wa gesi ukipumzika kwa kawaida hutoa karibu volti 1, ukivutwa hadi mwisho karibu 4. Haufiki sifuri wala 5, na hiyo ni kwa makusudi. Waya wa graundi ukikatika, pato linaweza kupanda hadi karibu na 5, na programu isiyojua itadhani umekanyaga hadi mwisho, huku vidole vya mtu viko chini ya sindano. Andika programu izime mota ikisoma chini ya 0.5 au juu ya 4.5, na uweke rezista kutoka pato kwenda graundi, upande wa Uno, ili waya wa pato ukikatika isome sifuri.

Waya_Mwekundu
Asanteni sana. Naenda na 49E, sumaku inapita mbele, na mipaka ya @Boda_ya_Betri naiweka. Kasha nilifanye la bati au plastiki?

Mama_Sakiti
Plastiki, na liwe limeziba kabisa. Bati la chuma litapotosha uga wa sumaku, na sakafu ya fundi cherehani imejaa pini na sindano zilizovunjika, zote zitakimbilia pedali yako. Muulize pia sumaku yake ya kuokotea pini huwa anaiweka wapi. Kama ni sakafuni karibu na mguu, ihamie mezani.