Tupeane uzoefu: Makao ya wazee, usiku wanabaki wahudumu wangapi?

Mleta mada:
Wakuu, habari zenu. Mama yangu yupo kwenye makao ya wazee mwaka wa pili sasa, tangu kiharusi kimpooze upande wa kulia. Uamuzi wa kumpeleka huko ulitutoa machozi, leo siuzungumzii. Nataka tuongelee idadi ya wahudumu.

Jumapili moja nilifika bila taarifa. Kengele ya kuitia mhudumu inaning'inia nyuma ya kitanda. Kikombe cha maji kimewekwa upande uliopooza, kimejaa pomoni, na midomo ya mama imepasuka kwa ukavu. Nikafunua shuka: kisigino kimekuwa cheusi kuliko ngozi inayokizunguka, cha moto, ukikibonyeza mama anakunja uso. Kidonda cha kulalia kinaanza hivyo hivyo.

Nikatoka nikitafuta wa kumfokea. Nikamkuta dada mmoja, jasho linamtiririka, ana wazee 14 peke yake. Mwenzake hakufika na hakuletwa wa kuziba pengo. Nikakosa la kusema. Kumwogesha mzee asiyejiweza, kumbadilisha nepi na kumvalisha ni dakika 20 ukienda mbio. Kwa wazee 14 ni dakika 280, na hapo hujamlisha hata mmoja.

Nyie mmekutana na nini?

Mhudumu wa usiku:
Pole sana ndugu yangu. Nimefanya kazi hiyo miaka 9. Mzee asiyeweza kujigeuza tulitakiwa kumgeuza kila baada ya saa 2, na mashine ya kunyanyulia inataka watu wawili. Ukiwa peke yako, ama umwache kwenye mkojo mpaka kuche, ama umbebe mwenyewe. Mimi nilibeba, mgongo umeisha.

Kinachoninyima usingizi ni karatasi za kugeuzia. Alfajiri tulikuwa tunajaza saini za usiku kucha kwa mkupuo mmoja. Nami nilitia saini. Nawaomba radhi wote ambao wazee wao walilala ubavu mmoja wakati karatasi inasema wamegeuzwa.

Mwenye baba:
Baba ana ugonjwa wa kusahau. Kila wiki anakuja mhudumu mpya wa kibarua, na yeye akivuliwa nguo na mtu asiyemjua anarusha ngumi. Wakamwandika mkorofi, akaanza kupewa dawa ya kumtuliza, akawa anasinzia mchana kutwa. Baadaye akaajiriwa mama mmoja wa kudumu. Alipojua mzee alikuwa seremala, akawa anamwambia, "Fundi, tuvue nguo za kazi, siku imeisha." Baba ananyoosha mikono mwenyewe. Dawa ikapunguzwa, daktari akaja kuifuta kabisa.

Mchangiaji mwingine:
Nendeni wakati wa kula. Mwenye shida ya kumeza anakalishwa wima, kijiko kidogo, unasubiri ameze, na baada ya hapo asilazwe kwa nusu saa hivi. Mhudumu mwenye foleni ya midomo sita hawezi kusubiri. Shangazi yangu alilishwa akiwa ameegama, chakula kikapitia njia ya hewa. Homa ya mapafu ilimwondoa ndani ya siku chache.

Mleta mada:
Poleni sana, na nyote asanteni. Kisigino cha mama kinapona, tunaweka mto chini ya kigimbi ili kisiguse godoro. Nimeahidiwa kuonyeshwa ratiba ya zamu kesho. Mhudumu wa usiku, nianze kuangalia wapi?

Mhudumu wa usiku:
Anza na usiku wa Jumamosi na Jumapili. Linganisha majina ya kwenye ratiba na daftari la mahudhurio, maana kwenye ratiba huwa tupo wote. Ukikuta jina moja mchana na usiku wa siku hiyo hiyo, huyo alikesha juu ya uchovu. Muulize yeye, lakini msubiri nje akitoka kazini, mbele ya bosi hatasema.