Saa zimerudishwa nyuma nikiwa kazini usiku, nalipwa masaa 8 au 9?

Mbeba_Boksi_Ohio
Wakuu habari za humu. Naombeni msaada kwa wanaojua sheria za huku Marekani maana nahisi nimepigwa. Mi nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Columbus, shifti ya usiku, naingia saa tano natoka saa moja asubuhi, masaa 8 siku zote. Sasa ile Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma si ndo nilikuwa zamu, kufika saa nane usiku simu ikarudi yenyewe saa saba, saa ya ukutani pale koridoni bado inasema nane, basi nikaianza saa saba upya. Raundi ya kuwageuza wagonjwa ya saa saba nimeifanya mara mbili na kwenye fomu nimeijaza mara mbili. Slipu imekuja masaa 8! Msimamizi namuuliza ananiambia umeingia saa tano umetoka saa moja, piga hesabu mwenyewe. Mgongo wangu ndo umepiga hesabu, ni 9.

Na mama Tanga huwa nampigia saa nane mchana ya huku, kule saa tatu usiku. Wiki ile nimempigia saa ileile kule ishafika saa nne, kapokea kwa hofu akidhani kuna msiba.

Mzee_wa_Slipu
Pole sana mdogo wangu. Hapo unadai, usikubali. Sheria ya kazi ya shirikisho, ile ya 1938 wanaiita FLSA, inataka mtu alipwe masaa aliyofanya kweli, siyo yanayoonekana ukutani. Umekaa 9 unalipwa 9. Na hiyo saa ya ziada inaingia kwenye hesabu ya wiki, kwa hiyo kama wiki hiyo ulishafikisha 40 basi hiyo ni ovataimu, mara moja na nusu. Angalia tu wiki yao inaanza siku gani maana wengine inakatikia usiku wa Jumamosi.

Mara nyingi siyo hata ubaya, ni ile programu ya mahudhurio, inachukua saa ya kutoka inaondoa saa ya kuingia basi. Waandikie watu wa mishahara kwa imeili, USIONGEE KWA MDOMO, taja ile raundi uliyoijaza mara mbili. Wakikataa kuna kitengo cha mishahara na masaa Wizara ya Kazi, kulalamika ni bure. Una miaka miwili ya kudai.

kidumu_cha_maji
Mi niko Bongo nasoma hapa nacheka 😂 yaani watu wazima wanakubaliana kudanganyana saa. Sisi saa moja asubuhi jua limetoka, habari imeisha. Kwani Ohio si wakatae tu?

Jangwani_Phoenix
@kidumu_cha_maji wanaweza kukataa ila nusu. Sheria ya 1966 inayosawazisha saa nchi nzima inaruhusu jimbo kubaki na saa za kawaida mwaka mzima, ndo tulivyo sisi Arizona, na Hawaii. Kinachokatazwa ni kubaki na saa za kiangazi, zile zilizosogezwa mbele, mwaka mzima, hiyo lazima Bunge la Washington liruhusu. Florida walipitisha yao 2018 mpaka leo wanasubiri. Seneti ilipitisha mswada wa kuruhusu hilo Machi 2022 bila hata kupingwa, baraza la pili halikuupigia kura, ukafa. Na wameshawahi kujaribu, Januari 1974 wakati wa shida ya mafuta, watoto wakawa wanaenda shule giza totoro, wazazi wakaja juu, Oktoba mwaka huohuo wakarudi.

Ila usidhani sisi tumepona. Mi naendesha lori. Kiangazi nikitoka Phoenix kwenda Tuba City nikiingia ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, saa inaruka mbele maana wao wanabadilisha, navuka barabara naingia Moenkopi kwa Wahopi, kabila jingine la wenyeji, inarudi nyuma. Simu inachanganyikiwa, siku moja nimefika kupakua mzigo naambiwa nimechelewa saa nzima na nilikuwa nimewahi. Siku hizi nina saa ya mkononi ya kizamani, haishiki mtandao wowote.

Binti_Pangani
Mi niko Ujerumani, huku wanarudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nyie Novemba, kwa hiyo kuna wiki ambayo mimi na dada yangu wa Boston tunapishana saa moja na ile tuliyozoea na kila mwaka tunagombana nani kakosea. Bunge la Ulaya lilipiga kura 2019 kuacha mchezo huu, nchi zenyewe hazijaelewana mpaka leo.

Mbeba_Boksi_Ohio
Mrejesho wakuu. @Mzee_wa_Slipu Mungu akuzidishie. Nimeandika imeili kama ulivyosema nikaambatanisha picha ya fomu, siku ya tatu wamejibu ni kosa la programu, wamelipa saa moja na imeingia kama ovataimu. Na siyo mimi peke yangu, wote wa usiku ule wamelipwa, yule mama wa Haiti kaniletea sambusa.

Sasa nauliza, Machi si wanairusha mbele, hapo inakuwaje?

Mzee_wa_Slipu
Machi saa nane usiku inakuwa saa tisa palepale. Umefanya 7 unalipwa 7, akikupa 8 ni roho yake nzuri tu.

Mbeba_Boksi_Ohio
Aisee. Ratiba ya Machi imeshatoka na niko zamu 😂 kuna mtu Columbus tubadilishane?