Futsal kama Kombe la Waarabu, timu nane, Kisumu: siku moja itatosha?

Kondele_Juu: Wadau, tuna uwanja wa handiboli wa saruji, mita 40 kwa 20, na timu nane za mtaa. Tunataka sheria zilezile za Kombe la Waarabu la futsal (soka la watano kwa watano, uwanja mdogo), lile Moroko ilibeba 2021, 2022 na 2023. Makundi mawili, nusu fainali, fainali, Jumamosi moja. Na mpira wa kawaida si utafaa tukiupunguza upepo?

MezaYaSaa: Uwanja uko sawa, na magoli ya handiboli ni mita 3 kwa 2, yaleyale ya futsal. Yafungeni chini au muweke magunia ya mchanga nyuma. Goli likianguka ni balaa. Kinachokushinda ni saa. Kule ni dakika 20 mara mbili, lakini saa husimama kila mpira ukitoka, kwa hiyo kipindi hufika dakika 35 hivi. Wewe una mechi 12 za makundi, mbili za nusu fainali na fainali. Kumi na tano kwa dakika 80 ni saa 20!

Chezeni dakika 12 mara mbili, saa isimame dakika ya mwisho tu. Weka dakika 35 kwa mechi, pamoja na mapumziko na kubadilishana timu. Mkianza saa mbili asubuhi mtamaliza saa kumi na moja kasorobo, mvua ya ziwa ikiwahurumia.

Faulo ndizo watu hupuuza. Sheria huhesabu za timu nzima kila kipindi, na kuanzia ya sita mpinzani anapiga bila ukuta, kutoka alama ya mita 10. Kwa dakika 12 msingoje sita, anzeni ya nne, la sivyo kila shambulizi la kushtukiza litakatwa kwa kuvuta jezi. Hesabu hiyo ikae mezani kwa mtu mwingine, refa atasahau.

RabaBapa: Mpira wa kawaida, namba 5, usiupunguze upepo, utakuwa mzito mguuni na bado utaruka. Tafuta namba 4 wa futsal, gramu 400 hadi 440. Kuupima, chora chaki ukutani sentimita 50 na 65, uachilie kutoka mita 2: mdundo wa kwanza uishie katikati ya mistari hiyo. Njumu marufuku, na fagieni saruji kabla ya kila mechi. Mchanga kidogo tu na kipa anateleza.

Kondele_Juu: Asanteni. Kadi nyekundu je? Wanabaki wanne hadi mwisho?

MezaYaSaa: Hapana. Aliyetolewa harudi, ila baada ya dakika 2 anaingia mwenzake. Wakiwa wanne dhidi ya watano wakafungwa kabla ya hapo, anaingia papo hapo. Wakiwa wanne kwa wanne, bao halibadilishi kitu. Kwa kuwa saa yenu haisimami, mezani wekeni simu ya pili ya kuhesabu hizo dakika 2.