Kampuni za teknolojia ya tozo za barabara hukua kwa njia gani?

Kijana wa Ilemela (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu wawili tuna programu inayotumika katika yadi binafsi za kuegesha malori hapa Mwanza. Kamera husoma namba ya usajili gari linapoingia, mfumo huhesabu saa, na dereva hulipa kwa simu kabla ya kutoka. Biashara inakwenda, ingawa yadi zenyewe ni chache. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa pale Kigongo–Busisi mwezi Juni 2025, watu wengi wananishauri kwamba hatua yetu inayofuata ni tozo za barabara na madaraja, na kwamba tutengeneze kifaa chetu cha kubandika kwenye kioo cha gari kabla wageni hawajatuwahi.

Nimesoma kidogo kuhusu Kapsch TrafficCom ya Austria na Q-Free ya Norway. Ninachotaka kuelewa ni namna kampuni hizo zilivyokua: je, ni kwa kuuza vifaa, kwa kuendesha mifumo, au kwa kununua kampuni nyingine? Je, kampuni ndogo ya kando ya Ziwa inaweza kujifunza lolote kwao, au tunajipa matumaini ya bure?

Mhandisi wa Nyakato

Ndugu mleta mada, zilikua kwa yote matatu, ila kila moja ilianza na soko la nyumbani ambalo haikulibuni yenyewe. Q-Free ilianzia Trondheim mwaka 1984. Norway ni nchi ya milima na ghuba ndefu za bahari, na kwa miaka mingi mahandaki na madaraja yake yamejengwa kwa mikopo inayolipwa na wanaopita. Kwa hiyo watu walikwisha kuzoea kulipa, na shida iliyobaki ilikuwa foleni kwenye vibanda. Mwaka 1991 Trondheim yenyewe ikazungushiwa vituo vya tozo ambavyo gari lenye kifaa lilivipita bila kusimama, na kampuni ikawa imepata mahali pa kujaribia mitambo yake mlangoni pake.

Kapsch ni nyumba ya zamani zaidi. Ilianzishwa Vienna mwaka 1892, ikatengeneza simu na redio kwa vizazi kadhaa, na ikaingia kwenye tozo kwa nguvu ilipokinunua kitengo cha mifumo ya barabarani cha kampuni ya Saab ya Sweden. Mtambo wake ndio uliotumika Austria ilipoanza kuyatoza magari yenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 kwenye barabara zake kuu, Januari 2004. Hisa za Kapsch TrafficCom ziliingia katika soko la Vienna mwaka 2007, na mwaka 2010 ikainunua Mark IV IVHS, iliyokuwa ikiuza vifaa vya mtandao wa tozo wa E-ZPass wa mashariki ya Marekani. Kuna sababu ya kiufundi ya kununua badala ya kwenda kushindana: mifumo ya Ulaya huzungumza kwa masafa ya 5.8 gigahezi, na ile ya Marekani hutumia masafa ya karibu 915 megahezi. Kifaa cha upande mmoja hakisomeki upande wa pili, kwa hiyo aliyenunua kampuni alinunua pia magari ambayo tayari yalikuwa na kifaa kiooni.

Kuhusu kutengeneza kifaa chenu, ningewashauri msithubutu. FASTag, kibandiko cha kiooni cha kulipia tozo nchini India, hakina hata betri. Hupata nguvu kutoka katika mawimbi ya antena iliyo juu ya lango, na viwanda vikubwa huvitoa vibandiko vya aina hiyo kwa wingi na kwa bei ambayo hamtaifikia. Februari 2021 ilianza kanuni kwamba gari lisilo na FASTag katika barabara kuu za kulipia nchini humo litozwe mara mbili. Vibandiko hutolewa na benki mbalimbali, na hesabu za mabenki hayo hupatanishwa na shirika moja la malipo la taifa. Kazi iliyo karibu na uwezo wenu ni hiyo ya hesabu: gari limepita wapi, nani amelipa, fedha imefika wapi, na mteja akilalamika ushahidi uko wapi.

Msomaji wa Mikataba

Ninakubaliana na Mhandisi kuhusu kifaa, lakini amepita haraka mno penye moto. Kampuni ya namna hii ina mteja mmoja mkubwa, ambaye ni serikali, na mteja huyo ana bunge, mahakama na wapiga kura nyuma yake.

Tazameni Ujerumani. Mwaka 2018 Kapsch pamoja na kampuni ya kuuza tiketi ya CTS Eventim walipewa mkataba wa kukusanya tozo ya magari madogo. Juni 2019 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba tozo hiyo ilikuwa na ubaguzi, kwa kuwa wenyeji wangefidiwa kupitia kodi ya gari na wageni wangebaki na mzigo. Serikali ikauvunja mkataba, na mwaka 2023 ikakubali kulipa fidia ya euro milioni 243. Waliokuwa na mawakili na akiba ya kusubiri miaka hiyo yote walivuka. Ninyi watatu mngesubiri kwa mtaji gani?

Mfano unaotuhusu zaidi ni Gauteng, Afrika Kusini, ambako mfumo wa tozo za barabara uliendeshwa na kampuni tanzu ya Kapsch kuanzia Desemba 2013. Kiufundi hapakuwa na la kulaumu sana: hapakuwa na kizuizi barabarani, kamera na antena zilikuwa juu, na asiye na kifaa alitumiwa ankara. Kilichoshindikana ni ridhaa ya watu. Vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia vilisema kwamba mwananchi alikwisha kulipia barabara kupitia mafuta, madereva wengi wakagoma kulipa, na Aprili 2024 tozo ikafutwa. Sisi nasi hulipia Mfuko wa Barabara katika kila lita, na tangu mwaka 2017 hata ada ya mwaka ya leseni ya gari imehamishiwa kwenye mafuta. Hoja ya kulipa mara mbili ipo tayari, inasubiri tu mtu wa kuisema jukwaani.

Kwa hiyo, mkialikwa kwenye mradi wowote wa ubia kati ya serikali na sekta binafsi, someni kwanza kifungu cha malipo. Mwendeshaji anayelipwa ada maalumu ya huduma hulala usingizi. Anayelipwa asilimia ya makusanyo amebeba siasa begani. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016 likiwa na tozo, na mwaka 2022 viwango vikapunguzwa. Wananchi walifurahi kwa haki kabisa, ila mtu aliyepiga hesabu zake kwa viwango vya zamani angekuwa katika hali gani?

Mama Roli, Buhongwa

Mwanangu, mimi ni msafirishaji, sijui masafa wala gigahezi. Nitakueleza anachokiona mlipaji.

Ninapokwenda Nairobi kununua vipuri hupita kwenye ile barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27. Inaendeshwa na kampuni ya Moja Expressway, na unaweza kulipa kwa fedha taslimu, kwa kadi, au kwa kifaa cha kiooni. Uganda nao walianza kutoza barabara ya Kampala–Entebbe Januari 2022, na uendeshaji ilipewa kampuni ya Egis ya Ufaransa. Kila nchi ina utaratibu wake. Siku barabara ya kulipia ya Kibaha hadi Morogoro, ambayo tumeisikia kwa miaka mingi, itakapokamilika, nitaongeza kadi nyingine kwenye pochi. Wakubwa wameachia nafasi hapo, ya kuyaweka malipo yangu yote mahali pamoja, wala si kubwa ya kukutisha.

Kijana wa Ilemela

Shikamoo Mama, na ninawashukuru wote. Suala la kifaa nimelifuta. Mama, kama tungekuandalia akaunti moja ya magari yako yote, ikianzia kwenye yadi tunazozihudumia sasa, ungetaka kuona nini ndani yake?

Mama Roli, Buhongwa

Marahaba mwanangu. Nataka ankara moja kwa mwezi, na kila mstari uwe na namba ya gari, mahali, saa ya kuingia na ya kutoka. Nataka pia picha, kwa sababu dereva akiniambia hakulala yadi fulani, sina namna ya kubishana naye. Risiti iwe inayokubalika na mamlaka ya mapato, la sivyo mhasibu wangu ataikataa. Na salio likikaribia kwisha, ujumbe uje kwangu, usiende kwa dereva aliyeko njiani usiku.