Kila kijiji namba 31, 79, 51, 14, 67! Halafu sisi wadodosaji ndio tunaambiwa tumepika data

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, maana kila ninayemsimulia anacheka kwanza. Mimi sicheki. Nadai posho ya siku kumi na moja.

Kazi ilikuwa ya utafiti wa korosho, Newala na Tandahimba. Ofisi siitaji. Tulikuwa wadodosaji wanne. Kila kijiji tunachukua daftari la chama cha msingi, majina 100 ya mwanzo, kompyuta inateua wakulima watano kwa kubahatisha, tunawafuata kuwauliza habari za salfa, ubwiriunga (ugonjwa wa mikorosho) na bei ya mnadani. Skripti ya R, ile programu ya takwimu, aliileta mtaalamu mshauri, mtu anayelipwa kwa siku hela ambayo mimi naisikia redioni tu. Tukaambiwa: msiguse kitu, bonyezeni tu.

Tukabonyeza. Kijiji cha kwanza zikatoka 31, 79, 51, 14, 67. Sawa. Cha pili 31, 79, 51, 14, 67. Nikadhani nimefungua faili la jana. Cha tatu zilezile, tena kwa mpangilio uleule. Cha nne tulipofika, katibu alikuwa ameshawapanga hao watano chini ya mkorosho wanatusubiri. Mwenzake wa kijiji cha nyuma alimpigia simu. Mama mmoja akanivuta pembeni: "Mwanangu, na mimi si uniandike hiyo 31, nina mtoto anasoma." Wakuu, watu walishaamini ni namba za hela.

Na hili si la kuchekea. Daftari linaandikwa kwa kufuata nani alitangulia kujiunga, kwa hiyo namba 14 kila uendako ni mzee wa zamani. Kijiji kimoja 14 ni marehemu. Mjane wake akatutandikia mkeka, akidhani tumeleta malipo ya korosho za mumewe yaliyobaki. Nilikaa pale nikatamani ardhi inimeze. Huo ndio utafiti?

Usiku gesti nikaifungua hiyo skripti niliyokatazwa kuigusa. set.seed(123) imekaa NDANI ya lupu, ile sehemu inayorudiwa kwa kila kijiji!

Kwa wasiojua: R haibahatishi chochote. Inapiga hesabu. Unaipa mbegu, yaani namba ya kuanzia (ndiyo hiyo 123 ya set.seed), inakutolea mfululizo wa namba zinazoonekana kama za bahati nasibu, na mbegu ileile huleta mfululizo uleule. Hilo limekusudiwa, ili mwenzako akirudia kazi yako apate ulichopata. Ndiyo maana inaandikwa mara moja, juu kabisa, kabla ya lupu. Ukiiweka ndani, kila kijiji kinaanza upya, kama msimulizi anayekatizwa kila akimaliza kusema "hapo zamani za kale".

Mashine yenyewe haina kosa. R kwa kawaida hutumia Mersenne Twister, waliyoichapisha Wajapani Matsumoto na Nishimura mwaka 1998, na mfululizo wake haujirudii mpaka upite hatua 2 kwa kipeo cha 19937, toa moja. Dunia itakwisha kabla haijafika. Mtaalamu wetu kaifanya ijirudie kwa safari ya bodaboda ya nusu saa.

Nikamtumia picha WhatsApp. Tiki mbili za bluu, kimya. Basi nikauhamisha ule mstari mwenyewe. Kijiji cha kwanza hakikubadilika, kama inavyotakiwa, na vile vitatu tukavirudia kwa mafuta ya mfukoni mwetu, kwenye mchanga ule wa Tandahimba unaomeza tairi.

Wiki mbili baadaye tunaitwa Mtwara mjini. Bosi katoa karatasi. Kwenye kompyuta ya ofisi, skripti ileile, mbegu ileile, kijiji cha kwanza kimetoa 29, 79, 41, 86, 91. "79 tu ndiyo inalingana. Hawa wengine ni ndugu zenu?" Mshauri amekaa pembeni anatikisa kichwa kama vile hakuwahi kuona picha yangu.

Nikaomba nione toleo la R la ofisi. Ni la kale, kabla ya 3.6.0. Hiyo 3.6.0, ya mwaka 2019, ilibadilisha namna sample(), amri inayoteua namba, inavyochagua, kwa sababu njia ya zamani ya kukadiria haikugawa nafasi sawasawa, hasa orodha zikiwa kubwa sana. Nikaandika kwenye laptopu yangu RNGkind(sample.kind = "Rounding"), amri ya kurudisha njia ile ya zamani, nikaweka mbegu 123, ikalalamika kidogo, ikatema 29, 79, 41, 86, 91 mbele ya macho yao. Jibu nililopewa: "Tutalifanyia kazi." Miezi miwili sasa nasubiri.

NIMEONGEZA: Mdau anayesema labda walitumia rep(), hapana. rep(sample(1:100, 5), 4) hupiga kura mara moja na kunakili jibu mara nne, na replicate() ndiyo hupiga upya kila mara. Ila hata replicate() ukiifungia set.seed ndani inakupa yaleyale, nimejaribu sasa hivi.

Na aliyeuliza namba 31 walikuwa wanapewa nini: mche mmoja wa sabuni, kama wengine wote.