Mjadala: Kwa nini tunaona haya kusema akina mama wengi wa TANU walikuwa wameachika?

Kila akina mama wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, wanapotajwa, hakosekani wa kusema tusiingize habari za talaka zao, eti tutawavunjia heshima marehemu. Napinga. Kuzificha ndiko kunakowapunja.

Tuanze na 1955. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar es Salaam, alikuwa ameshaachika katika ndoa ya kwanza akiwa msichana mdogo. TANU ilipomtaka alikuwa na mume mwingine, Boi Selemani, na kabla ya lolote watu wa chama walikwenda kumwomba Boi ruhusa. Hebu lifikirieni hilo: yule aliyekuja kuzunguka Tanganyika nzima akihutubia umati, siasa zake zilisubiri kwanza kauli ya mume! Tushukuru Boi alikubali.

Sasa muuza vitumbua aliyeachika miaka mingi, anayekaa chumbani kwake na hela yake kibindoni, angeombewa ruhusa kwa nani? Kufikia Oktoba mwaka ule wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshaandikishwa, na waliofuatwa mwanzo ni wenye vikundi vya ngoma na wapika pombe. Baadhi yao walihojiwa miaka ya 1980, wakaeleza maisha yao wenyewe: watu wazima, Waislamu, shule kidogo au hawakusoma kabisa, wengi wameachika, wana mtoto mmoja au hawana. Lelemama, ngoma ya vikundi vya wanawake, ilikuwa imeshawafundisha kuchangishana, kuitana usiku na kumtii kiongozi mwanamke. Chama kilikuta kazi hiyo imeshafanyika.

Najua mtasema walioolewa nao walikuwemo. Walikuwemo, sikatai. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na TANU, kwa hiyo mke wa karani akionekana na kadi, mumewe ndiye angeulizwa kazini. Mtalaka hakuwa na mshahara wa mtu wa kulinda.

Kwangu hiyo si aibu ya kusitiriwa, ni sababu ya kihistoria, na mwanafunzi wa sekondari ana haki ya kuisoma.

Mnaopinga, nijibuni moja tu: usiku wa mwaka 1955, huyo mke wa karani angemuaga vipi mumewe kwamba anakwenda kuuza kadi za TANU?